Kwato za punda mzee wakati wa mvua

Huku Limuru, Kenya, masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu unageuka tope la kunasa miguu. Julai mvua hupungua, lakini ukungu na baridi haviliachi boma likauke. Nina punda jike mzee ambaye amebeba maji na majani ya ng'ombe miaka mingi, na miezi hiyo yote kwato zake ndizo ninazoziangalia kwanza asubuhi.

Punda ni mnyama wa sehemu kame. Ukwato wake hunyonya maji kuliko wa farasi, na ukishalowa unalainika: changarawe inaumiza wayo, uchafu unapenya kwenye nyufa, na vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa vinaanza kuuozesha kutoka ndani. Ndiyo maana naweka mahali pakavu mbele ya dawa yoyote ile. Si lazima ukaushe boma zima. Inua kona moja ya banda kwa kokoto na murram (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa, tandaza maranda juu yake, weka mfereji ili maji ya mabati yasimwagikie hapo. Mradi aweze kulala na kuamka humo bila kukanyaga tope, kwato zinapata usiku mzima wa kukauka.

Kila siku safisha kwato kwa kifaa butu, ukivuta kutoka kisiginoni kwenda mbele. Chunguza mifereji miwili iliyo kando ya ile sehemu laini yenye umbo la V. Ukiona uchafu mweusi wenye harufu ya kuoza, osha, kausha kabisa, kisha paka ayodini iliyochanganywa na maji. Oili chafu ya gari, ambayo wengi wetu hupaka, tafadhali iacheni. Inafungia unyevu ndani na kuwasha ngozi.

Punda mzee ana shida nyingine: goti na nyonga zimekakamaa. Ukimwinulia mguu juu anaumia, halafu watu wanasema ni mkaidi! Mwinulie chini chini, kwa muda mfupi, umpumzishe, urudie. Mwambie na mkata kwato afanye hivyo hivyo, naye aje kila baada ya wiki 6 hadi 10, kwa sababu kwenye ardhi laini kwato hazisagiki zenyewe.

Usingoje achechemee ndipo ujue anaumwa. Punda huficha maumivu sana. Mimi huangalia kama anahamisha uzito mguu hadi mguu, kama analala kuliko kawaida, kama anafupisha hatua akifika kwenye kokoto. Kisha nashika ukwato kuona kama una joto, na kugusa mshipa juu ya kisigino; ukidunda kwa nguvu, kuna jambo ndani.

Akikataa ghafla kukanyaga kwa mguu mmoja, mara nyingi ni jipu au msumari. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, amkague na kumchanja pepopunda, maana punda hupatwa nayo kwa urahisi mno. Lakini akiumwa miguu yote miwili ya mbele na kuegemea nyuma, usilaumu tope peke yake. Majani mabichi yanayochipuka baada ya mvua yana sukari nyingi, na yanaweza kuleta uvimbe mkali ndani ya kwato. Mtoe malishoni, mpe nyasi kavu, na mwite daktari vilevile.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni punda mwenye maumivu kuacha kula. Mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu na anaweza kufa kwa siku chache. Akisusa chakula, hiyo ni dharura hata kama mguu unaonekana nafuu. Dawa ya maumivu ipimwe na daktari. Za binadamu usimpe.

Na mkokoteni? Kwato zikiwa zinauma, hafungwi. Maji tutayabeba wenyewe au tumlipe wa bodaboda, mpaka atembee kwenye kokoto bila kusitasita.