Mkate wa mayai: nje unaungua, ndani mbichi

Dada wa Ngamiani, unasema slesi zako zinaungua nje na ndani zinabaki majimaji, tena unataka kujua watu wa nchi nyingine huula na nini.

Kosa ni sukari na moto. Sukari ikizidi kwenye mayai huungua kabla ndani hapajaiva. Kwa slesi sita za boflo ya jana, nene kama sentimita 2, piga mayai matatu na nusu kikombe cha maziwa, iliki, chumvi kidogo, na sukari kijiko kimoja cha chai, basi. Chovya sekunde kumi kila upande, churuzisha. Boflo ya leo ni laini mno, ikilowa inakatika mkononi. Mafuta yapate moto kwanza, la sivyo mkate utayanyonya. Kisha moto wa wastani, dakika mbili au tatu kila upande. Kwa jiko la mkaa, punguza makaa.

Wahindi wengi huupenda wa chumvi: kitunguu, pilipili mbichi na kotimiri ndani ya mayai, tomato sosi pembeni. Uingereza nako wapo wanaoula wa chumvi. Wafaransa huuita pain perdu, na kwao ni mtamu. Torrijas za Hispania, za Kwaresima, ndizo tamu kuliko zote kwangu: mkate hulowekwa kwanza kwenye maziwa yaliyochemshwa na mdalasini na ganda la limau, ndipo huchovywa mayai na kukaangwa. Sukari au asali hufuata baada ya kukaanga, kwa hiyo haiungui.