Kroshia na sindano za sweta ndani ya ndege: ninavyopanga mfuko wangu nikitoka Mwanza

Akina mama ninaofuma nao hapa Kirumba wakisikia nasafiri kwa ndege, swali la kwanza huwa hili: "Mama, hawatakunyang'anya kroshia?" Hofu hiyo huwafanya wengi watie kila kitu kwenye begi la chini, lile linalopakiwa na mizigo, wakae angani saa nyingi mikono mitupu, na begi lisipofika, kazi ya mwezi mzima imepotea nalo. Mimi nasema kazi unayoifuma ipande na wewe. Muhimu ni kuipanga kwa namna ambayo hata afisa akichukua kifaa, kazi yenyewe inabaki salama.

Marekani na Uingereza kroshia na sindano za kufumia zinaruhusiwa kwenye begi la mkononi. Mkasi ndio wenye masharti. Marekani makali yake yasizidi inchi 4, yaani kama sentimita 10, ukipima kuanzia kwenye kiungo. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya mwisho ni sentimita 6. Hata hivyo, neno la mwisho ni la afisa aliye mbele yako, na anayetoka Mwanza kwenda mbali hakutani na afisa mmoja. Unakaguliwa Mwanza, unakaguliwa Dar es Salaam, na ukibadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul utegemee kukaguliwa tena. Kwa hiyo mfuko wangu naupanga kwa kufuata kituo chenye masharti makali kuliko vyote. Soma pia masharti ya shirika lako la ndege kabla ya safari.

Sasa wembe. Sisi tuliojifunzia kufuma nyumbani, karibu kila kikapu cha nyuzi kina wembe ulioviringishwa kwenye karatasi, wa kukatia na kufumulia. Kwenye meli ya kwenda Bukoba nimefuma usiku kucha na kikapu changu hivyo hivyo, sikuulizwa kitu. Kwenye begi la mkononi la ndege wembe haupiti, uwe mzima au nusu. Vipo pia vikataji vya duara ambavyo wafumaji huvaa shingoni kama kidani. Ndani yake mna wembe, na Marekani vinatakiwa viende kwenye begi la chini. Usihamishe kikapu kama kilivyo. Kimwage chote mezani, pekua mpaka mfuko wa ndani, kisha rudisha kimoja kimoja unachokihitaji. Kwa kukatia uzi mimi hubeba kikata kucha. Kinakata pamba, kinakata sufu, na hakuna aliyewahi kunisimamisha kwa ajili yake. Shazia ya chuma ya kufichia ncha za uzi naiacha. Ncha hizo zinaweza kusubiri mpaka nifike.

Kroshia nazo hazifanani. Ya aluminiamu au plastiki ya milimita 4 au 5 ina kichwa butu na haimtishi mtu. Ile ndogo ya chuma tunayofumia vitambaa vya makochi ina ncha nyembamba, na kwenye picha ya mashine inaweza kuonekana kama msumari. Kwa hiyo vitambaa vya uzi mwembamba nafuma nyumbani, ndegeni nafuma uzi mnene. Kwa sweta napenda sindano za mwanzi, hasa zile fupi mbili zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Sindano ndefu zilizonyooka zinamgusa jirani kila ukigeuza mkono, na moja ikidondoka huioni tena mpaka ndege itue. Zilizounganishwa hazipotei, na uzito wa sweta unalala mapajani. Kroshia uliyorithi kwa bibi yako usiiweke kwenye mfuko huu kabisa. Beba ya bei ndogo ambayo ikichukuliwa hutalia.

Hapa ndipo naomba unisikilize zaidi. Sweta likiwa kwenye sindano, linashikiliwa na sindano hiyo tu. Ikichomolewa, mishono yote iko wazi, na kila unaoteleza unafumuka kushuka chini mstari kwa mstari. Usiku wa kuamkia safari chukua uzi laini wa pamba, wa rangi nyingine na mwembamba kuliko unaofumia. Utunge kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya kila mshono ulio kwenye sindano ya sweta, mmoja baada ya mwingine, bila kuutoboa uzi wa mshono wenyewe. Acha mkia wa shubiri moja kila upande. Ukiendelea kufuma, uzi huo unabaki palepale. Sindano ikichukuliwa, au mtoto wa jirani akiivuta, sweta litafumuka hadi kwenye uzi huo na kukomea hapo. Hesabu mishono na uiandike, ili ukipata sindano nyingine ujue kama yote imerudi. Kroshia ni rahisi zaidi kwa sababu mshono ulio wazi ni mmoja tu: uvute uwe mrefu, uutie pini ya nepi, basi.

Dada mmoja tunayefuma naye alichukuliwa sindano zake za chuma kwenye uwanja wa ng'ambo, akiwa njiani kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Shali la mtoto lilikuwa limewekewa uzi huo. Alifika, akanunua sindano nyingine, akarudisha mishono yote, na shali likawa tayari kabla mtoto hajatimiza arobaini.

Mfuko wenyewe uwe wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mfuko wa kitenge wenye kamba unaukunja na kuutumia tena miaka. Vifaa nakusanya kwenye kijaluba kimoja, naweka juu. Kuchomeka kroshia katikati ya bunda la uzi kunamfanya afisa ahisi unaficha kitu. Na anza kazi kabla ya safari, hata mistari michache tu. Kijana wa ukaguzi akisema, "Shikamoo mama, hiki ni nini?" namjibu, "Marahaba mwanangu, nafuma kofia ya mjukuu," na kofia yenyewe naitoa aione. Kazi iliyoanza inajieleza kuliko kifaa kitupu. Anayekusindikiza asiondoke mpaka upige simu kwamba umepita. Kitu kikikataliwa, kinarudi naye nyumbani.

Mwanza hadi Dar es Salaam ni safari fupi, hata usihangaike kutoa mfuko mzima. Soksi moja ya mtoto inatosha. Kwa safari ndefu ya usiku chagua uzi wa rangi nyeupe au ya maziwa, maana taa zikizimwa uzi mweusi hauonekani mishono. Chagua pia mtindo unaojirudia, ambao mikono inaujua. Maelekezo yawe kwenye karatasi au yamehifadhiwa kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani, na betri ya akiba ya simu ikae kwenye begi la mkononi, haitakiwi chini. Ndege ikiruka na ikitua, vifaa virudi mfukoni.

Mabunda ya uzi yaliyobaki, mkasi mkubwa na sindano ndefu vinakwenda begi la chini. Sindano nazifunga pamoja kwa mpira na ncha zake nazichomeka kwenye kipande cha sponji, zisitoboe nguo wala zisimchome atakayelifungua begi kulikagua. Wakati wa kurudi napanga upya kwa utaratibu huohuo, kwa sababu mkasi mzuri nilionunua ugenini nao una makali.