Maswali ya Wasomaji: Kidhibiti cha Michezo Chenye Mabamba ya Mguso

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Buruburu. Shemeji yangu aliporudi kutoka Marekani aliniletea Steam Controller iliyokwisha kutumika, nami nikaiunganisha na kompyuta iliyo sebuleni. Tatizo ni kwamba katika michezo ya kulenga shabaha, ninapotelezesha dole gumba kwenye bamba la kulia, mhusika hugeuka kidogo kisha husimama, ikanibidi niinue kidole na kuanza upya. Vidhibiti vya kawaida vyenye vijiti viwili havinisumbui hivi. Je, nimepewa kifaa kibovu?

JIBU: Kifaa chako ni kizima, ndugu msomaji. Shida ni kwamba unalidai bamba kazi ya kijiti, ilhali liliundwa lifanye kazi ya kipanya. Kijiti huamua kasi: ukikisukuma upande mmoja na kukishikilia, mhusika ataendelea kugeuka hadi utakapokiachilia. Kipanya huamua umbali, kwa hiyo kidole kikisimama, mtazamo nao husimama papo hapo. Hiyo ndiyo sababu ya kipanya kulenga kwa usahihi ambao kijiti hakiufikii kwa urahisi, na ndicho alichokitafuta mtengenezaji, kampuni ya Valve, alipoweka mabamba mawili ya mviringo na kubakiza kijiti kimoja tu upande wa kushoto.

Fungua Steam, ile programu ya Valve ya kununulia na kuchezea michezo ya kompyuta, uingie kwenye ukurasa wa mchezo unaoucheza, ubonyeze alama ya kidhibiti, kisha uhariri mpangilio. Ukikuta bamba la kulia limewekwa kama kijiti, libadilishe liwe kipanya, halafu uwashe hali inayoiga mpira unaozunguka (trackball). Ukishafanya hivyo, utapangusa bamba kwa dole gumba na kukiinua kidole, na mtazamo utaendelea kuzunguka wenyewe huku ukipungua kasi kulingana na kiasi cha msuguano ulichochagua. Vitetemeshi vilivyo chini ya bamba vitakugonga mkononi kwa mapigo madogo madogo, ya haraka mwanzoni na ya polepole kadiri mzunguko unavyofifia, hata uhisi kana kwamba kuna mpira wa kweli chini ya plastiki ile. Kuhusu wepesi wa mguso, ningekushauri uanzie pale ambapo kupangusa mara moja, kutoka ukingo hadi ukingo, kunamgeuza mhusika nusu mduara, kisha upunguze au uongeze.

Usiishie hapo. Ndani ya kidhibiti mna kihisi kinachotambua mkono unavyoinama na kugeuka, nacho unaweza kukiamuru kifanye kazi tu wakati dole gumba limegusa bamba la kulia. Kidole kitakupeleka karibu na shabaha, na viganja vitamalizia ile tofauti ndogo iliyobaki. Kwa maoni yangu, ushirikiano huu wa kidole na kiganja ndio unaokifanya kidhibiti hiki kistahili subira, na anayekihukumu kabla ya kuujaribu hajakitendea haki.

Jambo moja la kuangalia: ipo michezo isiyokubali kupokea ishara za kipanya na za kidhibiti kwa wakati mmoja, na utaitambua kwa jinsi alama za vitufe zinavyobadilika-badilika kwenye kioo. Ukikutana na mchezo wa namna hiyo, vipe vitufe vyote herufi za kibodi, ili mchezo uamini kwamba unatumia kibodi na kipanya peke yake.

SWALI: Mimi na mume wangu hapa Kasarani tunapenda michezo ya mikakati kama Civilization, lakini tumechoka kukaa mezani. Kidhibiti hiki kinaweza kutuhamishia kwenye kochi bila kubeba kibodi?

JIBU: Kinaweza, dada, na hapo ndipo ninapokisifu bila kusita. Liache bamba la kulia liwe kipanya, nacho kitufe cha kufyatulia cha kulia kiwe cha kubofya. Bamba la kushoto, lile lililochorwa alama ya msalaba, ligeuze liwe menyu: ukiligusa, vitatokea kwenye kioo visanduku ulivyovipanga mwenyewe, kimoja cha kumaliza zamu, kingine cha kufungua ramani, kingine cha kuhifadhi mchezo. Vitufe viwili vya nyuma, vinavyobonyezwa kwa vidole vinavyoshika mpini, vinafaa kwa kukuza na kupunguza ramani. Tena, kitufe kimoja kinaweza kupewa kazi mbili, moja ya kubonyeza kwa kifupi na nyingine ya kukishikilia. Kama hamtaki kuanzia sifuri, chukueni mpangilio ambao wachezaji wengine wameushiriki ndani ya Steam, mkaurekebishe.

Kwa kandanda na michezo ya mapigano, bakini na kidhibiti cha kawaida. Chenga zinazohitaji kijiti cha kulia hazipendezi kwenye bamba tambarare.

SWALI: Nimeona kidhibiti hicho kilichotumika kikiuzwa katika duka moja la Luthuli Avenue. Nikague nini kabla ya kulipa, na je, kitafanya kazi nje ya Steam?

JIBU: Kiliingia sokoni Novemba 2015 kwa dola 49.99 za Marekani, na mwaka 2019 Valve ikaacha kukitengeneza na kuyauza mabaki kwa dola 5, kwa hiyo unachokiona dukani ni cha zamani hata kikiwa kinang'aa. Kwanza, ulizia kile kipokezi kidogo cha USB. Kikikosekana, utaweza kutumia waya wa micro-USB, au Bluetooth iwapo programu ya ndani ya kidhibiti ilisasishwa, kwa kuwa uwezo huo uliongezwa mwaka 2018. Pili, fungua kifuniko cha nyuma uone kama betri zilivuja. Kinatumia mbili za AA, zikiwemo zile za kuchajiwa. Kifuniko hicho hicho ndicho kinachobonyezwa kama vitufe vya nyuma, hivyo kikivunjika umepoteza vitufe viwili.

Bila Steam, kidhibiti hujifanya kipanya na kibodi, na hakitakuwa na mipangilio uliyoitengeneza. Suluhisho ni kuuongeza mchezo wako katika maktaba ya Steam, hata kama uliununua kwingine, na kuuanzishia humo.

Ikiwa huna haraka, fahamu pia kwamba Novemba 2025 Valve ilitangaza kidhibiti kipya chenye jina lilelile, ambacho kina mabamba mawili pamoja na vijiti viwili, na betri ya kuchajiwa. Mchezaji wa kandanda anayependa pia michezo ya mikakati angefanya vyema kukitafuta hicho, akaiacha ile ya Luthuli kwa mwenye kutaka mabamba tu, na kwa bei isiyozidi thamani ya kifaa kisichotengenezwa tena.