Matone ya damu na tumbo kuvuta upande mmoja: ni chango?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, hii ni mimba yangu ya kwanza. Hedhi ya mwisho niliona wiki saba zilizopita. Tangu juzi natokwa na matone ya damu ya kahawia, na tumbo chini linavuta upande wa kushoto. Mama mkwe anasema ni chango, kanichemshia mizizi. Nimepima mkojo tena, bado mistari ni miwili. Je, nisubiri tarehe ya kliniki mwezi ujao?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri. Nenda leo kwenye hospitali yenye altrasaundi, na hiyo mizizi iweke kando.

Matone peke yake yasingenishtua sana. Karibu mjamzito mmoja kati ya wanne huona damu katika miezi mitatu ya mwanzo, na wengi wao hujifungua salama. Kwako kinachonisumbua ni matone kuambatana na maumivu ya upande mmoja, tena wiki ya saba. Mimba iliyotunga nje ya kizazi mara nyingi hujionyesha hivyo hivyo. Nyingi hukaa kwenye mrija wa uzazi, nao ni mwembamba, hautanuki kama kizazi. Ukipasuka, damu humwagikia ndani ya tumbo huku pedi ikiwa na tone tu. Kwa hiyo usipime hatari kwa damu unayoiona.

Na ile mistari miwili? Kipimo cha mkojo kinanusa homoni ya mimba tu, hakijui mimba imekaa wapi.

Ukipata kizunguzungu, jasho la baridi, au bega likauma kwenye ncha bila kuumizwa, hiyo ni dharura ya dakika hiyo hiyo. La bega huwashangaza wengi: damu iliyo tumboni huchokoza kiwambo cha kupumulia, na neva yake inatoka shingoni pamoja na za bega.

Altrasaundi isipoonyesha kitu kizazini, huenda mimba bado ni changa mno. Watakupima homoni kwenye damu na kurudia baada ya saa 48. Tafadhali rudi, hata kama maumivu yametulia. Uliza pia kundi lako la damu; likiwa hasi (mfano O hasi), huenda ukahitaji sindano ya Anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto mwenye kundi chanya. Na kama uliwahi kuugua maambukizi ya via vya uzazi, mwambie daktari bila aibu. Mimba ya nje haihamishiki kizazini, lakini ikiwahiwa kabla mrija haujapasuka, wengine hutibiwa kwa sindano bila kupasuliwa.

Wasomaji wengine wajawazito: kulowesha pedi nzima kwa saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, au kutapika mpaka maji hayakai na mkojo unakuwa kama chai ya rangi, hayo nayo hayangoji kliniki.

Mama mkwe usigombane naye. Nenda naye, ukilazwa utahitaji mtu.