Bibi wa Sikonge Hakuandika Hata Neno Moja

Grupu letu la uyoga tulilianzisha mvua za Novemba, tukiwa watu 11, karibu wote wakazi wa Tabora mjini: Isevya, Kanyenye, Cheyo, Kiloleni. Hatuuzi uyoga wala hatufanyi utafiti. Tunapenda tu kuingia porini mvua zikishika, kuokota, kupiga picha, kubishania majina na kurudi nyumbani kupika. Misimu minne imepita na sasa tumefika 140 na ushee, kutoka Uyui, Sikonge, Urambo na Kaliua. Wengine wameshahamia Kigoma au Dar es Salaam lakini hawataki kutoka grupuni. Mimi ndiye admini.

Misimu miwili ya kwanza tuliokuwa tukizungumza tulikuwa sita. Unatuma picha, unaubonyeza ujumbe kuona nani ameusoma, unakuta majina sitini, na aliyejibu ni rafiki yako yuleyule wa kila siku. Iliniuma. Nilijua kwamba kati ya hao sitini wapo waliozaliwa na kukulia kando ya pori, wakati mimi uyoga wangu wa kwanza niliununua kwenye sinia barabarani.

Basi Ijumaa moja nikaandika tangazo: wasiochangia chochote hadi Jumapili tutawatoa. Niliona ni haki. Siku mbili zile watu thelathini hivi waliandika "nipo" kisha wakanyamaza tena, na tisa wakajitoa wenyewe kimyakimya. Mmoja wao alikuwa kijana wa Sikonge. Nilimpigia simu kumuuliza kulikoni, naye akanijibu kwa upole mno: "Kaka, simu ni yangu, lakini anayefuatilia grupu ni bibi yangu. Jioni ananiambia nimfungulie picha, anaziangalia moja moja. Mwingine akitaja jina visivyo, bibi anacheka, ananiambia jina lenyewe. Nikaona kwa kuwa hatuandiki, hamtutaki."

Kumbe kila jioni, kwenye uwanja mmoja huko Sikonge, picha zetu zilikuwa zinasahihishwa na mtu anayeujua uyoga kuliko sisi sita tukijumlishwa, na mimi nimemfukuza.

Nilimwomba radhi, nikamrudisha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza upya kazi ya uadmini. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye miaka miwili iliyofuata. Kama nawe unalea grupu la kitu mnachokipenda, iwe maua, bao, ufugaji wa kuku wa kienyeji au picha za zamani za reli ya kati, huenda yakakufaa.

Kwanza, jua kwamba ukimya wa watu wako si ajabu ya kwenu peke yenu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark anayechunguza namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi mengi ya mtandaoni, kati ya watu 100, watu 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo. Niliposoma hayo moyo ulitulia kidogo. Sikuwa na watu wavivu. Nilikuwa na watu wa kawaida, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ambayo sikuwahi kumuuliza.

Nikaanza kuuliza. Si grupuni, bali pembeni, mmoja mmoja, watu watatu au wanne kwa wiki. Shikamoo kwanza kwa anayestahili shikamoo, hali ya nyumbani, mvua zikoje huko, kisha swali lenyewe. Majibu sikuyatarajia. Mama mmoja wa Urambo aliniambia kwamba humo grupuni yumo mkwewe, mume wa binti yake, na kwa malezi aliyolelewa mama mkwe hapayuki mbele ya mkwe. Mzee mmoja anaona vidole vyake havitoshi kwenye herufi za simu, na Kiswahili chake cha kuandika anakionea haya. Wengine hununua bando la siku, wakifungua wanakuta ujumbe mia mbili, mazungumzo yameshaisha, wanaona aibu kurudisha watu nyuma.

Dada mmoja wa Kaliua alinipa jibu fupi: "Nilituma picha mwaka juzi. Hakuna aliyejibu."

Nilirudi nyuma kuitafuta. Nikaikuta: uyoga wa rangi ya chungwa, umetandazwa vizuri juu ya jani la mgomba, na chini yake ameandika "huu wa leo". Juu yake mabishano yetu sisi sita kuhusu sufuria gani haigandishi chakula. Chini yake mabishano yaleyale yanaendelea. Alisubiri, hakuna aliyesema hata "hongera", akaamua kwamba pale si mahali pake. Ukinitaka niseme jambo moja tu kuhusu watu wakimya, nitasema hilo: wengi wao waliwahi kusema mara moja.

Kwa hiyo sasa tuna zamu. Watu wawili kila wiki kazi yao ni kuhakikisha mtu anayetuma kitu kwa mara ya kwanza anajibiwa siku hiyohiyo, na kujibiwa kwa maneno, si kidole gumba peke yake. Na jibu liishie kwa swali analoweza kulijibu bila kuhangaika: "Umeupata chini ya mti gani?" Kwa sisi watu wa uyoga swali hilo lina uzito, maana ule wa chungwa anaoupenda dada wa Kaliua huishi kwa kulishana na mizizi ya miti ya miombo, kama mitundu na miyombo. Ndiyo sababu huwezi kuuotesha kwenye mifuko kama unavyootesha uyoga wa mamama. Dada yule nilipomuuliza, miaka miwili ikiwa imepita, alinijibu kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kupata kutoka kwake. Alisema pale alipouokota wameshakata miti kwa ajili ya kuni za kukaushia tumbaku, na tangu miti ilipoondoka uyoga nao hajauona tena. Nikamwomba ruhusa niyapeleke grupuni. Akasema, "Acha niyaandike mwenyewe."

Kuna hofu nyingine ambayo kwenye grupu letu ni kubwa kuliko zote, nayo ina haki yake. Uyoga unaua. Katika jamii ya Amanita wapo wenye sumu ambayo haiishi kwa kuchemsha, na dalili zake huchelewa saa 6 au zaidi, mtu ameshalala akijua ameshiba salama. Na jamii hiyohiyo ina uyoga unaoliwa na kupendwa katika misitu ya miombo. Sasa mtu mwangalifu akiona picha na swali "huu unaliwa?", atanyamaza. Anajua akikosea, mtu anaweza kufa kwa neno lake. Anayejibu haraka mara nyingi ni yule asiyeogopa, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Tulilitatua hilo kwa kubadilisha swali. Ni marufuku kuuliza "unaliwa?" na ni marufuku kumwambia mtu ale kwa kuangalia picha. Atakayeujua uyoga wake ataujua kwa kuushika, akiwa na mtu mzima aliyeula miaka yote, na aliyekula akaumwa apelekwe hospitali mara moja na mabaki ya ule uyoga. Grupuni tunauliza: "Huu kwenu mnauitaje?" Tofauti ilionekana wiki ileile. Jina la kwenu halimuui mtu, na kila aliyekulia kijijini analo. Watu ambao sikuwahi kuziona herufi zao walianza kuandika jina moja, neno moja tu, la Kinyamwezi au Kiha, na hapo hapo mwingine wa kijiji jirani anasema "sisi tunasema tofauti". Nakushauri ulitafute swali la namna hiyo kwenye grupu lako, ambalo mtu akijibu hawezi kukosea, kwa kuwa jibu liko nyumbani kwake.

Lugha nayo tuliifungua. Anayetaka kusema Kinyamwezi aseme, atatafsiriwa. Anayetaka kutuma sauti atume, ila isizidi dakika mbili kwa kuhurumia bando za wenzake, na mmoja wetu huandika kwa kifupi alichosema ili wasioweza kufungua sauti wasome. Ni kazi, sikatai. Lakini ujuzi wa uyoga Unyamwezini umekaa midomoni, na kumlazimisha bibi wa miaka sabini aandike ndipo ahesabiwe mwanachama ni kumfungia mlango mtu mwenye nyumba.

Jambo lililokuwa gumu zaidi lilituhusu sisi sita. Niliwaita pembeni nikawaomba kitu kimoja: picha mpya ikiingia, tukae kimya hadi saa moja jioni. Mmoja alinikasirikia, akasema grupu litakufa. Nikamwambia tujaribu msimu mmoja. Wajuzi wengi wako shambani mchana kutwa, wanashika simu wakishanawa miguu. Sisi wa mjini tulikuwa tunalijibu swali saa nne asubuhi, tunalifunga, na wao wakifika wanakuta limeshazikwa. Siku za kwanza ukimya wa mchana ulitisha kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nafungua simu kila baada ya dakika tano, vidole vinawasha. Kisha jioni moja, kabla ya saa moja, dereva wa lori wa Urambo ambaye hakuwahi kusema neno alieleza namna uyoga mkubwa wa vichuguuni unavyolimwa na mchwa: mchwa wanatafuna majani makavu, wanatengeneza bustani yao chini, na mvua zikikaa vizuri bustani inachomoza juu. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kulieleza mimi. Angekuta nimeshajibu, asingejibu.

Ukimsahihisha mtu, msahihishe pembeni. Hili halina mjadala kwangu. Mtu mzima akiambiwa "umekosea" mbele ya watu 140, wakiwemo wanawe, hutamsikia tena. Mfuate, mwambie kwa heshima, mwache arudi grupuni kujirekebisha mwenyewe. Isipokuwa pale kosa linapoweza kumdhuru mtu. Hapo sema hadharani mara moja, kisha ukamwombe radhi pembeni.

Na kuna watakaobaki kimya hata ufanye nini. Yule mama wa Urambo mwenye mkwe hajaandika grupuni hadi leo. Hunitumia picha mimi, nami naziweka nikisema zimetoka kwa mwanachama wetu. Mkwewe huzisifia sana. Wapo pia wanaosoma tu kwa sababu kusoma kunawatosha, na niliwaambia waziwazi kwamba nafasi yao ni halali, hawana deni kwangu. Admini mwenzangu wa grupu lingine aliniambia yeye amefunga, wanaotuma ni maadmini peke yao, grupu limekuwa safi. Sikumficha, nilimwambia kwamba amejenga ubao wa matangazo, na kwamba wale aliowafunga midomo huenda ndio wenye kitu cha kusema.

Bibi wa Sikonge alianza kwa sauti ya sekunde kumi na mbili. Kijana wake alimshikia simu, yeye akataja majina matatu ya picha tatu za jana yake, basi. Ndani ya saa moja watu kumi na tisa walimjibu, wengi kwa shikamoo. Kijana akaniambia bibi alimtaka amsomee shikamoo zote, jina kwa jina, na kila moja akaiitikia marahaba kama vile wenyewe wamesimama uani.

Msimu huu mvua za kwanza zilinyesha usiku. Asubuhi, kabla yetu sote sita, sauti ya bibi ilikuwa imeshaingia. Nyuma yake unasikia matone ya mwisho kwenye bati na jogoo. Anasema Kinyamwezi kwamba vichuguu vya upande wa bondeni vimeanza kupasuka, wenye nia wajiandae. Chini yake kijana ameandika: "Bibi anauliza, yule dada wa Kaliua mbona mwaka huu hajasema kitu? Mzima?"

Nikamfuata dada pembeni.