Mpango wa kupona haraka baada ya upasuaji: anzeni na njaa

Dada, umeuliza mfanyeje ili mpango huu, uliofaulu kwa akina mama waliojifungua kwa kisu, uingie wodi zote za upasuaji. Mimi ni muuguzi katika hospitali kubwa hapa Uganda, na ningekuambia usiupeleke wote kwa mpigo. Anza na kupunguza njaa ya anayesubiri kupasuliwa.

Tangu Kehlet, daktari wa upasuaji wa Denmark, aliposukuma wazo hili miaka ya 1990, mpango umekua hadi vipengele zaidi ya 20 vya kumtunza mgonjwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Ukimbandikia daktari wa mifupa orodha yote ukutani, atakwambia hayo ni mambo ya wanaopasua matumbo. Lakini mgonjwa aliyekatazwa kula na kunywa tangu usiku wa manane, akaja kuitwa alasiri, yumo katika kila wodi. Mara nyingine haitwi kabisa, kwa sababu majeruhi wa boda wamejaza chumba cha upasuaji, na kesho anaanza kufunga upya. Wakati mwongozo unaruhusu maji hadi zibaki saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, na mlo mwepesi hadi zibaki saa sita! (Simzungumzii mwenye utumbo ulioziba, huyo ana utaratibu wake.)

Kazi kubwa kwetu ilikuwa chai. Ya rangi inahesabiwa pamoja na maji. Ikitiwa maziwa ni chakula. Bushera, kile kinywaji cha nafaka, na uji pia ni chakula, hata viwe vyepesi namna gani. Mweleze hayo muuguzaji, ndugu aliyelala chini ya kitanda na chupa ya chai, maana ndiye anayemnywesha mgonjwa sista akiwa upande wa pili wa wodi.

Kabla ya hapo, kaa na watu wa dawa ya usingizi mkubaliane. Wakimrudisha mgonjwa mmoja tu kwa kosa la kunywa maji ambayo wodi ilimruhusu, zamu ya usiku itarudia mambo ya zamani na mpango hutausikia tena. Tena awepo mtu mmoja chumba cha upasuaji ambaye kazi yake ni kupigia wodi simu orodha inapobadilika. Bila simu hiyo, saa mbili unazihesabu kuanzia wapi?

Maumivu yafuate: parasetamoli na diklofenaki kwa saa zake, si mpaka mgonjwa alie, ila figo ziangaliwe kwanza. Andikeni dawa zilizopo stoo. Mpango unaomtuma ndugu famasi ya nje kila jioni hautafika wiki ya pili. Kutoa mpira wa mkojo mapema na kumwinua mgonjwa kitandani ni rahisi zaidi, maana asiye na njaa wala maumivu hasukumwi sana.

Wakubwa wakidai ushahidi wa nyumbani, upo utafiti wa Mbarara kwa akina mama waliopasuliwa kwa dharura: waliofuata mpango waliruhusiwa mapema kuliko wenzao. Lakini msianze kushindana kwa siku za kitanda. Mtu wa kurudi kijijini kwa takisi, barabara mbovu, mshono mbichi, simwachii bila namba ya wodi na uhakika kwamba mkojo unatoka na chakula kinakaa. Kwa sasa pimeni saa alizokaa bila kunywa na saa aliyosimama mara ya kwanza. Daftari moja mezani kwa sista wa zamu linatosha. Kompyuta zije baadaye.