Kulipa ovadrafti kwa kadi isiyo na riba: kosa la mara ya kwanza na hesabu ya mara ya pili

Kwa karibu miaka mitatu nilipokea mshahara kila tarehe 28 bila kuwa na pesa yangu mwenyewe hata siku moja. Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee mjini Leicester, Uingereza, nikipata takriban pauni 1,750 kwa mwezi baada ya makato, na akaunti yangu ya benki ilikuwa na ovadrafti, yaani ruhusa ya kutumia pesa zaidi ya zilizomo kwa kuikopa benki, yenye ukomo wa pauni 2,000. Siku moja kabla ya mshahara akaunti ilisoma hasi 1,900, mshahara ukiingia ilisoma hasi 150, na kesho yake, kodi ya chumba ilipokwisha kukatwa, ilikuwa hasi 800 na safari ya kuteremka imeanza upya. Anayeishi hivyo hajihesabu kuwa mdaiwa, kwa sababu hakuna anayemgongea mlango wala kumwandikia barua ya kumtaka alipe. Ule ukomo huanza kuonekana kama nyongeza ya mshahara, na siku unapokaribia kwisha mtu husema "pesa zimeniishia", ilhali zilizokwisha si zake.

Gharama yake niliichukulia kwa wepesi mpaka nilipokaa kuihesabu. Tangu Aprili 2020, FCA, ambayo ndiyo mamlaka inayosimamia mwenendo wa taasisi za fedha nchini Uingereza, ilizikataza benki kutoza ada za kila siku au za kila mwezi kwenye ovadrafti na kuzitaka zitumie kiwango kimoja cha riba cha mwaka kinachoweza kulinganishwa. Lengo lilikuwa jema, lakini benki nyingi kubwa zilipanga viwango vinavyokaribia asilimia 40. Riba hiyo huhesabiwa kila siku juu ya kiasi kilichopungua siku hiyo, kwa hiyo pauni 1,000 zikikaa kwenye ovadrafti siku moja kwa kiwango cha asilimia 39.9 hugharimu kama peni 92. Mimi, niliyekuwa nikipanda na kushuka mwezi mzima kwa wastani wa hasi 1,300 hivi, nilikuwa nikikatwa pauni 36 kila mwezi bila deni kupungua hata senti. Wengi wetu tuliokulia pwani tumefundishwa tangu chuoni, yaani madrasa, kuiogopa riba, na bado nawajua watu wasiothubutu kuingia katika mkopo wa riba wa nyumba lakini wanaoilipa kila mwezi kupitia ovadrafti, kwa kuwa inakatwa kimyakimya.

Njia niliyoelekezwa na mwenzangu wa zamu ni ya kadi ya mkopo inayotoa uhamisho wa fedha kwa riba ya asilimia sifuri kwa kipindi maalumu. Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mno. Kuna uhamisho wa salio, ambao hutoa deni kwenye kadi moja na kulipeleka kwenye kadi nyingine, na kuna uhamisho wa fedha, ambapo kampuni ya kadi huingiza pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki na kiasi hicho kikaandikwa kuwa deni la kadi. Kwa ovadrafti unahitaji huo wa pili. Matangazo makubwa yenye vipindi virefu visivyo na riba kwa kawaida huhusu uhamisho wa salio. Vipindi vya uhamisho wa fedha huwa vifupi zaidi na kadi zenyewe ni chache. Mwenzangu huyo huyo aliwahi kuomba kadi ya uhamisho wa salio akidhani zote ni sawa, akaipata, kisha akagundua kwamba haiwezi kugusa ovadrafti yake, na ombi hilo likabaki kwenye kumbukumbu zake za mikopo bila faida yoyote.

Machi 2021 nikaomba yangu. Nilitaka kuhamisha pauni 1,800, lakini kadi ilikuja na ukomo wa pauni 1,500, na kampuni haikuruhusu kuhamisha ukomo wote. Ukomo haujulikani kwa hakika mpaka ombi likubaliwe, kwa hiyo asiyepanga atakachofanya endapo atapewa nusu ya alichotaka atakuja kuyumba. Nilihamisha pauni 1,300. Ada ilikuwa asilimia 4, yaani pauni 52, iliyoongezwa juu ya deni, jumla ikawa 1,352. Nikagawanya kwa miezi 13: pauni 104 kila mwezi, na mwisho wa kipindi nitakuwa huru. Kwenye karatasi hesabu ilipendeza sana.

Swali ambalo sikujiuliza ni hili: pauni 104 za kila mwezi zitatoka wapi? Kabla ya kuhamisha, nilikuwa nikitumia mshahara wangu wote pamoja na kulipa zile pauni 36 za riba. Baada ya kuhamisha, riba ya ovadrafti ilishuka hadi kama pauni 6, kwa hiyo nilikuwa nimeokoa pauni 30. Malipo ya kadi yalikuwa 104. Tofauti ya pauni 74 haikuwa na chanzo chochote, na kwa kuwa ukomo wa ovadrafti nilikuwa nimeuacha wazi vilevile kwenye pauni 2,000, tofauti hiyo ilichotwa humo humo kila mwezi bila mimi kuamua. Nilikuwa nikilipa kadi isiyo na riba kwa kukopa kwenye ovadrafti yenye riba ya karibu asilimia 40. Kwetu tunaita kuchimba shimo ili kufukia shimo.

Juu ya hilo kulikuwa na jambo ambalo hesabu peke yake haiwezi kulieleza. Mwezi ule wa kwanza baada ya uhamisho, mshahara ulipoingia, akaunti ilisoma chanya 1,150. Sikuwa nimeiona akaunti yangu ikiwa chanya kwa kiasi kama hicho tangu mwaka wangu wa kwanza nchini humu, na ingawa nilijua pesa hizo ni za nani, moyo ulizipokea kama zangu. Wiki hiyo hiyo kaka yangu alipiga simu kutoka Tanga akinieleza kwamba mvua za masika zimeingia na paa la nyumba ya mama linavuja vyumba viwili. Nilituma pauni 600 za mabati na fundi siku ileile. Sijutii paa, mama alilala pakavu. Ninachojutia ni kwamba nilimwambia kaka "pesa ipo", na nilipomwambia hivyo niliamini ninasema kweli.

Desemba 2021, baada ya malipo tisa, kadi ilikuwa imebakiwa na pauni 416. Nilipofungua upande wa benki, ovadrafti ilisoma hasi 1,866. Nilikuwa nimeanza na deni moja la pauni 1,900, na miezi tisa baadaye nilikuwa na madeni mawili yenye jumla ya pauni 2,282. Kadi niliimaliza Aprili 2022 kama nilivyopanga, bila kuchelewa hata mara moja, na mtu aliyetazama kadi peke yake angenipongeza.

Mara ya pili, Januari 2023, sikuanza na kadi bali na zile pauni za kila mwezi. Nilijiwekea sharti kwamba sitaomba kadi yoyote mpaka nimeweza kuishi miezi miwili mfululizo nikiweka kando kiasi ambacho kadi itanidai, kana kwamba nimeshaipata. Kiasi hicho nilikikadiria kuwa kama pauni 130, na nilikipata kutoka sehemu tatu: riba ambayo ningeacha kulipa, zamu moja ya usiku ya ziada kila mwezi, na kupunguza pesa niliyokuwa nikituma nyumbani kutoka pauni 200 hadi 150.

Hilo la tatu lilikuwa gumu kuliko yote. Nilimpigia mama, si kaka, kwa sababu kaka angeanza kunihoji kwa namba. Nilimwambia, "Mama, huku ninaishi kwa pesa ya benki, na benki inanila. Nivumilie mwaka mmoja." Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama ninakula vizuri, kisha akasema ningemwambia mapema asingekubali hata ile 200. Wanaoishi ughaibuni watanielewa nikisema kwamba mazungumzo hayo ya dakika tano niliyakimbia kwa miaka mitatu, na kwamba yalinigharimu zaidi ya ada zote za kadi. Kama unapanga kufanya uhamisho huu na unahudumia watu nyumbani, sema nao kabla ya kuomba kadi, maana wakikuomba baada ya akaunti kusoma chanya hutaweza kukataa.

Kadi ya pili ilinipa nafasi ya kuhamisha pauni 1,600. Ada ilikuwa asilimia 4 tena, pauni 64, na kipindi kisicho na riba kilikuwa miezi 14. Niligawanya pauni 1,664 kwa miezi 13, si 14, nikapata pauni 128 kwa mwezi na mwezi mmoja wa akiba kwa dharura. Pesa zilipofika benki, kabla sijalala, niliingia kwenye programu ya benki na kushusha ukomo wa ovadrafti kutoka pauni 2,000 hadi 400, kisha nikaendelea kuupunguza kidogo kidogo kila baada ya mwezi au miwili. Ukishauruhusu ukomo wa zamani ubaki hata kwa wiki mbili, utapata sababu ya kuubakiza zaidi. Nilibakiza pauni 100 ili makato ya umeme au simu yasirudishwe endapo mshahara utachelewa siku moja; wapo wanaofunga kabisa, na siwalaumu.

Kuhusu kadi yenyewe, ipo mitego michache ambayo mkataba huitaja kwa herufi ndogo. Weka malipo ya moja kwa moja ya kiasi chako ulichokipanga, si kima cha chini wanachokupendekezea, kwa sababu kima cha chini ni kidogo na kwa kawaida kitakufikisha mwisho wa kipindi ukiwa bado na sehemu kubwa ya deni, na hapo riba ya kawaida ya kadi huanza. Kuchelewa malipo hata mara moja kunaweza kukupokonya ile asilimia sifuri. Uhamisho nao mara nyingi una muda wake, kwa mfano siku 60 au 90 tangu akaunti ya kadi ifunguliwe, na ukipita unapoteza masharti nafuu. Usitoe taslimu kwa kadi hiyo, na usiitumie kutuma pesa nyumbani kupitia kampuni za kutuma fedha, kwa kuwa kampuni nyingi za kadi huhesabu muamala huo kuwa sawa na kutoa taslimu, pamoja na ada yake na riba inayoanza siku hiyohiyo. Mimi kadi ya pili sikuwahi hata kuiweka kwenye pochi.

Kabla ya kuomba, tumia vikokotoo vya mtandaoni vinavyokadiria uwezekano wa kukubaliwa, kwa sababu ukaguzi wake hauonekani na wakopeshaji wengine, tofauti na ombi kamili ambalo huacha alama. Angalia pia taarifa zako kwa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, hasa anwani, maana sisi wapangaji wa vyumba tunahama mara kwa mara na jina linaweza kuwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwamo Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, wakiwa na kibali halali cha kuishi Uingereza wanaweza kujiandikisha kwenye daftari la wapiga kura, na wakopeshaji hulitumia daftari hilo kuthibitisha anwani. Mimi nilijiandikisha mwaka 2022, nikiwa nimekaa miaka mingi bila kujua kwamba ninaruhusiwa.

Njia hii haimfai kila mtu. Mwanafunzi mwenye akaunti ya wanafunzi ambayo ovadrafti yake haina riba hana sababu ya kulipa ada ya asilimia 4 kuihamisha. Anayeingia kwenye hasi siku tatu au nne tu kwa mwezi akokotoe kwanza, kwani huenda riba yake ya mwaka mzima ni ndogo kuliko ada ya uhamisho. Na kwa yule ambaye mshahara hautoshi chakula na kodi hata bila deni, kadi mpya itampa pumzi ya miezi michache tu na kumwongezea mdai.

Huyo wa mwisho, pamoja na atakayekataliwa kadi, aipigie benki yake na kueleza hali yake, kwa kuwa kanuni za FCA zinazitaka benki kuwatambua na kuwasaidia wateja wanaozama kwenye ovadrafti mara kwa mara, na mara nyingine benki hukubali kupunguza riba au kuligeuza deni kuwa malipo ya awamu. StepChange, National Debtline na Citizens Advice hutoa ushauri wa madeni bila malipo. Kampuni inayokutaka ulipe kwanza ili ikushauri kuhusu deni, achana nayo. Kwa England na Wales, tangu Mei 2021 mshauri wa madeni anaweza pia kukuombea siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kukuongezea riba wala kukufuatilia, na kwa aliyefika hatua hiyo, siku hizo zina thamani kuliko kadi yoyote.